Nati za Gurudumu Hazikazwi kwa Kukisia

Katika mashamba ya miwa ya Kilombero na Kakira, katika chai ya Kericho na Mufindi, na katika mkonge wa Tanga, kazi huanza kwa safari. Wafanyakazi hubebwa kwa lori au kwa tela linalovutwa na trekta. Mazao huenda kiwandani kwa njia hiyo hiyo, na bidhaa hutoka kiwandani kwa magurudumu. Kwa hiyo gurudumu si jambo la dereva na fundi peke yao. Ni jambo la kila mfanyakazi anayepanda gari la kazi, na la kila mtu anayepita kando ya barabara ambako gari hilo hupita.

Gurudumu la lori kubwa, pamoja na tairi lake, lina uzito wa karibu kilo 100. Likichomoka wakati gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, huendelea mbele kwa mwendo huo huo. Kumgonga mtu kwa mwendo huo ni sawa na kumwangushia mzigo wa kilo 100 kutoka urefu wa mita 14, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa nne. Gurudumu lililochomoka halina breki wala usukani. Laweza kuvuka barabara likaingia sokoni, au likaingia katika safu ya watu wanaopalilia. Na gari lililobaki nyuma, likiwa limejaa watu, huinama upande mmoja na laweza kupinduka.

Kinachozuia msiba huo ni nati chache. Katika karakana nyingi nati hizo hukazwa kwa kukisia: fundi huvuta spana mpaka aone mkono umechoka, kisha husema, "Imekaza hiyo." Makala haya yanaeleza kwa nini maneno hayo hayatoshi. Yanaeleza pia chombo ambacho kimetengenezwa kuondoa kukisia, yaani spana ya kipimo, ambayo mafundi wengi huiita toki renchi, na kwa nini wafanyakazi hawana budi kuidai katika kila karakana.

KAZI YA NATI NI KUBANA

Wengi hudhani kwamba bolti za gurudumu hubeba gari kama vile msumari wa ukutani unavyobeba koti. Sivyo. Bolti inapokazwa sawasawa huvutika kidogo sana, kama springi. Kwa kuwa springi hutaka kurudi, bolti nayo hulivuta gurudumu na kulibana kwenye uso wa habu. Nyuso hizo mbili za chuma zikibanwa kwa nguvu, msuguano ulio kati yake ndio unaolizuia gurudumu lisiteleze. Gari likipiga breki, likiingia shimoni au likipanda mlima na shehena, ni kule kubana kunakofanya kazi.

Nati ikilegea, kubana hupungua. Gurudumu huanza kuteleza kidogo sana kila linapozunguka, na jicho haliwezi kuona. Hapo bolti huanza kupindwa huku na huku. Chukua kipande cha waya ukikunje mara nyingi mahali pamoja: hakikatiki mara ya kwanza wala ya tano, lakini mwishowe hukatika bila kutumia nguvu. Ndivyo bolti inavyokatika. Moja ikikatika, zilizobaki hubeba kazi yake, nazo huchoka upesi zaidi.

Basi mtu atasema: dawa ni kukaza sana. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Springi ikivutwa kupita kiasi hairudi tena. Kila mtu aliyecheza na kombeo utotoni anajua mpira uliovutwa mno: unaning'inia tu, hauna nguvu ya kurusha jiwe. Bolti iliyokazwa kupita kiasi huwa hivyo hivyo. Kwa macho inaonekana imara, nati imeshika, lakini ndani chuma kimeshindwa na hakibani kama kinavyopaswa. Meno yake huharibika, na ringi yaweza kupata ufa kwenye matundu ya bolti. Zaidi ya hayo, siku ya pancha utingo hataweza kuifungua nati hiyo porini.

Kwa hiyo kuna makosa mawili: kukaza kidogo mno na kukaza mno. Yote mawili humaliza safari mahali pamoja.

MAFUNDI WAWILI NA NATI MOJA

Nguvu ya kuzungusha nati hutokana na mambo mawili: nguvu ya mkono na urefu wa spana. Hupimwa kwa Nyutoni-mita, ambayo huandikwa Nm. Katika vitabu vya zamani utakuta kilo-mita. Kilo-mita moja ni karibu Nm 10. Utakuta pia ratili-futi katika vitabu vya Kiingereza. Ratili-futi moja ni karibu Nm 1.36. Ni lazima kuangalia ni kipimo gani kilichoandikwa, kwani anayesoma ratili-futi 450 na kukaza Nm 450 atakuwa ameacha karibu robo ya kazi.

Tuseme lori linatakiwa kukazwa Nm 600. Fundi wa kwanza ana spana ya sentimita 50, naye anavuta kwa nguvu ya kilo 40, ambayo ni nguvu nzuri ya mtu mzima. Anaipa nati karibu Nm 200 tu. Hiyo ni theluthi moja ya inayotakiwa, ingawa ametoka jasho.

Fundi wa pili anachomeka bomba kwenye spana mpaka inafika mita moja na nusu, kisha anasimama juu ya ncha yake. Yeye ana uzito wa kilo 75. Anaipa nati karibu Nm 1,100, yaani karibu mara mbili ya inayotakiwa. Akirukaruka juu yake, kama wengi wafanyavyo, inazidi hapo.

Mafundi hawa wote ni watu wa bidii, na kila mmoja angeapa kwamba amekaza vizuri. Mkono haupimi, bali hukisia tu. Asubuhi mkono una nguvu, na jioni baada ya magari manane umechoka. Ndiyo maana haifai kumlaumu fundi ambaye hakupewa kipimo. Hatumwambii karani wa ghala apime magunia ya kahawa kwa kuyanyanyua, bali humpa mizani.

CHOMBO CHENYEWE

Inaelezwa kwamba spana ya kipimo ilibuniwa mwaka 1918 na Conrad Bahr, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York. Bolti za mabomba makubwa ya chini ya ardhi zilikuwa zikikazwa kupita kiasi na kuharibika, naye akatafuta njia ya kumwezesha mfanyakazi kujua mahali pa kuishia. Chombo hiki basi kilitoka kazini, katika shida ya watu wa mabomba.

Kuna aina mbili zinazoonekana zaidi katika karakana zetu. Ya kwanza ina mshale na mstari wa namba. Ukivuta, mpini hupinda kidogo na mshale huonyesha nguvu uliyofikia. Ni rahisi, haina vitu vingi vya kuharibika, lakini ni lazima uisome ukiwa umeitazama sawasawa kutoka juu. Ya pili ina namba kwenye mpini. Unazungusha mpini mpaka kwenye namba unayotaka, kisha unavuta. Ikifika hapo hulia "tak" na utaisikia mkononi kama imekatika kidogo. Hapo acha kuvuta. Mlio huo ndio ruhusa ya kuacha. Anayeendelea kuvuta baada ya mlio, au anayeivuta mara tatu "kwa uhakika", amekwisha kuzidisha.

Kwa lori hutakiwa spana ndefu. Spana ya mita 1.2 huhitaji nguvu ya kilo 51 kwenye mpini ili kufikisha Nm 600. Mtu mzima mmoja aliyesimama vizuri anaweza kufanya hivyo. Ile fupi ya gari dogo haiwezi kazi hiyo, na ukiitia bomba inavunjika na kipimo chake hakina maana tena.

NAMBA GANI?

Namba sahihi ni ile ya kitabu cha gari, au iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari au wa habu. Ili msomaji apate picha, magari madogo mengi hukazwa kati ya Nm 90 na 130. Malori mengi makubwa yenye bolti 10 za milimita 22 kwa kila gurudumu hukazwa kati ya Nm 550 na 700. Tofauti hizo ni kubwa, na hivyo namba ya gari moja isitumiwe kwa jingine kwa sababu tu yanafanana. Trekta lina nati zinazoshika gurudumu kwenye habu na nyingine zinazoshika ringi, na aghalabu namba zake si moja. Yote haya yaandikwe kwa rangi kwenye ubao wa karakana, gari kwa gari, ili fundi wa zamu ya usiku asilazimike kumtafuta mtu wa kumwuliza.

JINSI YA KUKAZA

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, kisha piga jeki. Kama ringi ni ya vipande viwili au ina pete ya kufungia, au kama magurudumu ni pacha, toa upepo wote kwenye tairi kabla ya kugusa nati yoyote. Ringi ya vipande iliyojaa upepo ni kama bomu, nayo imekwisha kuua mafundi katika nchi nyingi.

Pili, safisha. Tumia brashi ya waya kuondoa kutu, tope na rangi iliyokwajuka kwenye uso wa habu, uso wa ringi na meno ya bolti. Usipake rangi nzito kwenye nyuso zinazobanana. Rangi na uchafu husagika gari linapotembea, na unene ule unapotoweka kubana nako kunapungua, ingawa nati haikuzunguka hata kidogo.

Tatu, angalia mafuta. Nguvu yote unayotia kwenye nati haiendi kubana. Karibu asilimia 90 huliwa na msuguano wa nati na wa meno, na ni karibu asilimia 10 tu inayobaki kuvuta bolti. Kwa hiyo kutu kidogo au mafuta kidogo hubadili mambo sana. Malori mengi ya sasa, ambayo gurudumu lake hukaa juu ya ukingo wa habu na nati yake ina washa iliyoshikamana nayo, hutakiwa kutiwa matone mawili ya mafuta kwenye meno na kati ya nati na washa yake. Magari ambayo nati yake ina umbo la mviringo au la pia, inayoingia ndani ya tundu la ringi, hukazwa makavu. Katika yote mawili, kamwe usitie mafuta au grisi kati ya ringi na habu, maana hapo ndipo tunapotaka msuguano.

Nne, anzisha nati zote kwa mkono. Nati isiyokubali mkono ina kasoro, basi usiilazimishe kwa spana. Katika baadhi ya malori ya zamani ya Kiingereza, bolti za upande wa kushoto zina meno ya kushoto na hukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Nyingi zina herufi L kwenye ncha. Fundi asiyejua hilo atazikata akidhani anazifungua.

Tano, kaza kwa kuvuka. Usizifuate nati kwa mduara, kwani gurudumu litakaa upande. Ukikaza moja, nenda kwenye iliyo mkabala nayo. Kwa bolti 10, zihesabu kwa kuzunguka kutoka 1 mpaka 10, kisha kaza kwa utaratibu huu: 1, 6, 3, 8, 5, 10, 7, 2, 9, 4. Kwa bolti tano: 1, 3, 5, 2, 4. Fanya mzunguko wa kwanza kwa nguvu ndogo gurudumu likiwa hewani, ili likae sawa. Shusha gari tairi liguse chini lisizunguke, rudia kwa nusu ya namba, kisha maliza kwa namba kamili.

Sita, vuta spana ya kipimo polepole, bila kuishtua. Shika mpini mahali pake, si katikati. Nati iwe inazunguka wakati unapofikia namba. Kama spana imelia kabla nati haijasogea, hujapima kitu, kwani yawezekana ni kutu tu iliyoshika.

Kuhusu mashine ya upepo ya kukazia, inafaa kufungua na kurudisha nati upesi, lakini haifai kumalizia. Nguvu yake hubadilika kwa upepo ulio katika tangi, kwa urefu wa mpira na kwa hali ya mashine. Karakana yenye mashine ya upepo inahitaji spana ya kipimo zaidi ya ile isiyo nayo, si pungufu.

Kwa magurudumu pacha ya malori ya zamani, yale ambayo gurudumu la ndani lina nati yake na la nje lina yake, kuna mtego. Nati ya ndani haionekani, na ya nje ikiwa imekaza huficha ulegevu wa ile ya ndani. Ya ndani hukazwa kwanza. Ukitaka kuikagua baadaye, legeza nati za nje moja baada ya kuruka moja, kaza za ndani, rudisha za nje, kisha fanya zilizobaki.

KAZI HAIJAISHA GARI LINAPOONDOKA

Baada ya gurudumu kufungwa, nyuso za chuma huendelea kukaa sawa kwa safari ya kwanza. Kwa hiyo nati zikaguliwe tena kwa spana ya kipimo baada ya mwendo mfupi. Vitabu vingi hutaja mahali fulani kati ya kilomita 50 na 150. Shambani, ambako lori hufanya safari fupi na mashimo ni mengi, ni busara kukagua siku hiyo hiyo, kabla ya kubeba watu jioni. Kukagua si kukaza upya kwa nguvu zaidi. Weka namba ile ile: nati iliyo sawa haitasogea, na iliyolegea itajionyesha.

Dereva, utingo na hata abiria wanaweza kuona dalili. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati na kwenda nje kama miale. Chuma king'aacho karibu na tundu, mahali ringi imekuwa ikisugua. Tundu lililokuwa duara na sasa limekuwa refu kama yai. Mlio wa kugonga gari linapokwenda polepole. Lolote kati ya hayo ni sababu ya kusimama. Na tundu likisha kuwa refu, kukaza hakusaidii, maana ringi hiyo imekufa. Vilevile bolti moja ikikatika, ibadilishwe pamoja na jirani zake wa pande zote mbili, kwa sababu hizo nazo zimebeba mzigo usio wao. Zikikatika mbili au zaidi, zibadilishwe zote za gurudumu hilo.

Uchunguzi uliofanywa Uingereza, ambako huendeshwa upande wa kushoto kama Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi, ulionyesha kwamba magurudumu ya nyuma ya kushoto ndiyo yanayochomoka zaidi. Ni vyema kuanzia hapo unapokagua.

Kuna njia rahisi isiyo na gharama: baada ya kukaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye ringi. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Lakini tusidanganyike. Mstari uliobaki sawa hauonyeshi kwamba nati ilikazwa vizuri tangu mwanzo.

KUITUNZA SPANA

Spana ya kipimo ni mizani, si nyundo. Isitumiwe kufungua nati, isiangushwe, wala isikae chini ya jeki katika sanduku. Ile ya kulia irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa baada ya kazi, ili springi ipumzike, lakini isilegezwe kupita hapo. Kanuni ya kimataifa ya ISO 6789 inatumia kipindi cha miezi 12 au mivuto 5,000, lolote litakalotangulia, kisha chombo kipelekwe kupimwa.

Kati ya vipindi hivyo karakana yaweza kuijaribu yenyewe. Ibane ile ncha ya mraba ya spana katika jiliwa, mpini ulale sawa na ardhi. Tundika uzito unaojulikana, kwa mfano kilo 20 zilizopimwa kwenye mizani ya ghala, umbali wa sentimita 50 kutoka katikati ya ncha hiyo. Hiyo ni karibu Nm 98, na juu yake huongezeka kidogo kwa uzito wa mpini wenyewe. Spana ya mshale inayoonyesha Nm 70 au 140 hapo imeharibika, na isitumiwe mpaka itengenezwe.

NANI ANUNUE, NANI ALAUMIWE?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Gurudumu likichomoka, wa kwanza kulaumiwe ni dereva. Wa pili ni fundi. Watu hufukuzwa kazi, na wengine hushtakiwa. Ni mara chache kuulizwa: je, karakana ilikuwa na spana ya kipimo? Je, namba ya gari ilikuwa imeandikwa? Je, fundi alipewa muda wa kukagua tena, au nyapara alisimama mlangoni akipiga kelele kwamba miwa inakauka?

Sheria iko upande wa mfanyakazi zaidi ya wengi wajuavyo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo mwajiri anayemwambia fundi "nunua spana yako" anakwenda kinyume cha mkataba huo. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejitenga na kazi kwa kuamini, kwa sababu za haki, kwamba ina hatari kubwa inayokaribia kwa maisha yake. Mwezi wa Juni 1998 Shirika hilo lilitangaza misingi ya haki za kazi ambayo kila nchi mwanachama yapasa kuiheshimu, na mwezi wa Juni 2022 likaongeza usalama na afya kazini katika misingi hiyo. Kwa mashamba kuna Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo.

Nchi zetu nazo zina sheria zake za usalama na afya kazini: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, na Kenya ya mwaka 2007. Katika Kenya, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi nao wana wajumbe. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kupeleka suala la nati, kabla gurudumu halijachomoka.

Wajumbe wa chama wanaweza kudai mambo matano, na hakuna hata moja linalozidi uwezo wa kampuni yenye malori:

1. Kila karakana iwe na spana ya kipimo inayofaa magari yake, iliyonunuliwa na mwajiri na kupimwa kila mwaka.

2. Namba za kukaza za kila gari na kila trekta ziandikwe ukutani kwa lugha ambayo mafundi wanaisoma.

3. Mafundi, madereva na utingo wafundishwe kazi hii katika saa za kazi, kwa malipo ya kawaida.

4. Muda wa kukagua tena uhesabiwe kuwa ni kazi, na gari lisibebe watu kabla ya ukaguzi huo.

5. Pawe na daftari la magurudumu.

Daftari hilo tulieleze kidogo, kwa sababu ndilo silaha ya fundi. Kila gurudumu linapofungwa, andika tarehe, namba ya gari, gurudumu gani, Nm ngapi, spana ipi, na jina la aliyekaza. Acha nafasi ya ukaguzi wa pili, na usomaji wa kilomita wakati huo. Kama gari liliondolewa kabla ya ukaguzi kwa amri ya mkubwa, liandikwe hilo, pamoja na jina la aliyetoa amri. Usitie sahihi kazi ambayo hukuifanya, hata ukiombwa kwa upole. Daftari lililoandikwa kila siku husimama mbele ya mkaguzi na mbele ya hakimu. Maneno ya "nilikaza vizuri, mzee" hayasimami.

Wengine watasema kwamba spana moja ni jambo dogo, na kwamba chama kina mambo makubwa ya kudai: mishahara, nyumba, matibabu. Ni kweli mambo hayo ni makubwa. Lakini mshahara hupokewa na aliyefika nyumbani. Mjumbe wa chama anayesoma gazeti hili na aende karakana kesho asubuhi aulize maswali mawili: spana ya kipimo iko wapi, na mara ya mwisho ilipimwa lini? Akikosa jibu, amekwisha kupata jambo la kuweka la kwanza katika mkutano ujao.